Saa 167 zinazobaki

Jumapili jioni, Nakuru

Shule ya Jumapili ni saa moja. Juma zima lina saa 168. Hizo 167 zinazobaki ni za nyumbani, za darasani na za njiani, na humo ndimo binti anamofunzwa ukweli, kiasi na uchaji wa Mungu, au anamokosa kufunzwa. Nalifikiria sana jambo hili, kwa sababu wazazi wengi hapa mjini, kuanzia Kaptembwa hadi Lanet, humwachia mwalimu wa kanisani kazi ambayo saa moja haiwezi kuibeba.

Wazee wetu hawakuibahatisha. Kwa Wajaluo wasichana walilala siwindhe, nyumba ya dani, yaani nyanya, na mafunzo yalikuja usiku kwa hadithi na vitendawili. Kwa Waluhya na Wakalenjin, senge, dada ya baba, aliyasema yale ambayo mama aliona haya kuyatamka. Leo dani yuko Siaya, senge yuko Nairobi, na binti yuko katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili mtaa wa Free Area hapa Nakuru. Pengo hilo mtu asipoliziba, simu italiziba.

Ibada ya jioni ndiyo nguzo. Dakika 15 zatosha, kabla tu ya chakula, saa ambayo hata siku ya uchovu mtaiweza. Wimbo mmoja, mistari minane hadi kumi (si sura nzima), swali moja, sala fupi. Watoto wasome kwa zamu, hata anayesoma kwa kuvutavuta. Swali lisiwe la kukariri majina. Waulize kwa nini mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi wa baba yao, na kwa nini Mungu alisema wamenena haki. Iko katika Hesabu 27. Msichana akilijibu swali hilo kwa maneno yake mwenyewe, amejifunza kwamba unyenyekevu na kusema haki vinakaa katika moyo mmoja.

Ibada huharibiwa na mambo mawili. La kwanza ni urefu. La pili ni mzazi kumgombeza mtoto kupitia sala: “Bwana, mwondolee huyu uvivu.” Mtoto anayesikia hivyo kila jioni huona sala kama fimbo, na akifika shule ya bweni haombi tena. Makosa ya mchana yasemwe mchana, uso kwa uso, na yaishe.

Kazi za mikono zifuate umri. Miaka sita, apange viatu na kukunja nguo zake. Minane, aoshe vyombo. Kumi, apike chai na wali mtu mzima akiwa karibu. Kumi na miwili anaweza ugali: lita moja ya maji yaliyochemka kweli, unga kama nusu kilo akiutia kidogo kidogo, na dakika kadhaa za kuufunika moto ukiwa mdogo. Ukitoa madonge, maji hayakuchemka au unga ulimwagwa wote kwa pamoja. Mwonyeshe mara mbili, kisha uondoke jikoni. Mama asiyeondoka humfunza binti kwamba hawezi. Tena kaka yake aoshe vyombo siku yake. Kazi ikiwa ya wasichana peke yao, wanachojifunza ni kwamba wao ni watumishi wa ndugu zao, na huo si wema wa Kikristo hata tukiuita mila.

Fedha nitazigusa tu. Akipewa shilingi 200, 20 ni fungu la kumi, 80 akiba, 100 za matumizi, kila fungu katika mkebe wake. Mzazi akikopa katika mkebe wa akiba, arudishe siku aliyoahidi. Uaminifu binti huupima hapo.

Mambo ya mwili ndiyo tunayoyakimbia zaidi, na ndiyo yenye hatari. Mpe majina sahihi ya viungo vyake kabla hajaanza shule. Akitimiza miaka tisa aelezwe hedhi, kwa sababu wengine huanza mapema, na anayeshtukizwa darasani huibeba aibu hiyo muda mrefu. Katika mkoba wake kuwe na sodo mbili, chupi safi na kipande cha sabuni. Sodo ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa. Kisha msomeeni Marko 5, yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, naye Yesu akamwita “Binti” mbele ya umati. Baba awepo wakati huo. Akiwepo bila kuona haya, binti naye hataona haya.

Mavazi ya staha yachaguliwe Jumamosi jioni: aketi, ainame, ainue mikono juu. Gauni likimsitiri katika hayo matatu, linafaa. Likimbana, mama amwambie wakiwa wawili, si mbele ya wageni. Na kamwe asiambiwe kwamba mwanamume akimgusa ni kosa la gauni. Binti aliyelishwa neno hilo akidhuriwa hunyamaza, kwa kuwa ameshajihukumu.

Hapo ndipo malezi mengi mazuri huvunjika. Tunamfunza heshima hadi tunamnyima sauti. Aamkie wakubwa, ndiyo, lakini salamu ni ya mkono. Kukumbatiwa au kupakatwa akatae bila kuchapwa. Zawadi ya siri kutoka kwa mtu mzima aitaje siku hiyo hiyo, hata aliyeitoa akiwa mzee wa kanisa au mwalimu wa kwaya. Mchague pamoja watu wazima watatu wa kuambiwa, mmoja awe nje ya nyumba yenu, mwanamke wa ushirika wenu wa kushika nafasi ya senge. Akariri namba mbili za simu, na 116, ya msaada kwa watoto, isiyolipiwa.

Akisema amenajisiwa, aaminiwe kwanza. Asioge, nguo zisifuliwe, zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwani plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Afike hospitali upesi, kabla ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zikicheleweshwa kupita hapo hazitamkinga. Kisha polisi. Kikao cha wazee cha kupatana kwa ng'ombe au kwa shilingi hakina nafasi. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kumnajisi mtoto ni jinai, na msamaha wa Kikristo haufuti kesi.

Na kabla ya safari ya Desemba kwenda nyumbani, Kakamega au Bondo, mpige simu mapema mpange binti atalala nyumba ipi, na nani, mlango unafungwaje, na nani atamsindikiza kisimani jua likizama.