PES 6 yangu ya PS2 inacheza kwenye TV mpya, na sikununua PS5

Kila niliyemwambia nataka kucheza CD zangu za gemu za PS2 (PlayStation 2) kwenye TV mpya alinipa jibu lilelile: nunua PS4. Winga (dalali) mmoja wa Kariakoo aliniapia kabisa, "Kaka, PS4 inasoma kila kitu kilichotangulia, mashine kubwa hiyo." Shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata pedi, akapandisha dau: chukua PS5, umalize.

Sasa nasema mapema, msije mkaliwa hela. PS4 haisomi CD ya PS2. Ya PS1 ndiyo usiseme, maana ile mashine haisomi hata CD ya muziki. PS5 inasoma za PS4, basi, tena kuna ile isiyo na mahali pa kuingizia CD kabisa. Ni kweli kuna gemu kadhaa za PS2 zilizoanza kuuzwa kwa kupakua kwenye PS4 mwaka 2015, lakini hapo unanunua upya, CD yako ya ndani haihesabiki. Na PES 6 haimo.

Mimi shida yangu ilikuwa PES 6, gemu ya mpira. Siyo mpira wowote ule, ni ile ya 2006, ambayo Adriano wa Inter akiachia shuti la mbali kipa anabaki mtazamaji, na Liverpool wanaitwa Merseyside Red. Nina Master League, yaani ligi ya kuiendesha timu yako msimu hadi msimu, ndani ya memori kadi, niliianza na wazee wetu wa kubuni unaopewa mwanzoni, Minanda, Ximelez, Ivarov golini, na Castolo mbele. Wenzangu wote walikuwa wanamuuza Castolo msimu wa kwanza. Mimi nilibeba naye makombe. Kuanza upya hilo nilishalikataa.

PS2 yenyewe ilikuwa imefika mwisho. Lenzi imechoka kwa umri, CD inazunguka, inakwaruza, skrini inabaki nyeusi. Lenzi nilishabadilisha huko nyuma, ikakaa kidogo, ikarudi kulekule. Na hata ingepona, TV ya sebuleni haina matundu ya waya wa njano, nyekundu na nyeupe, ni HDMI tupu. Vile vibadilishaji vidogo vya bei rahisi nimevijaribu pia: picha inatoka kama unaangalia mechi kupitia glasi ya uji.

Dawa iko katikati, na hakuna winga aliyenitajia: PS3. Ila siyo kila PS3, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Zile za kwanza kabisa, zilizotoka Japani na Marekani Novemba 2006, zilikuwa na chipu za PS2 zenyewe ndani, yaani ubongo wake unaoitwa Emotion Engine pamoja na chipu ya picha. Ni PS2 nzima imelala ndani ya PS3. Zilipofika Ulaya Machi 2007, Emotion Engine ilikuwa imeshatolewa kupunguza gharama. Ikabaki chipu ya picha, kazi iliyobaki ikawa inafanywa na programu. Mwaka huohuo ikaja ya GB 40, vyote vikaondoka. PS3 nyembamba zilizofuata, Slim na Super Slim, usizisumbue kwa CD za PS2, hazina kitu.

Kwa hiyo ukionyeshwa PS3 nene, kabla hujauliza bei, hesabu matundu ya USB pale mbele. Yakiwa manne, endelea kuongea. Yakiwa mawili, aga. Kisha igeuze usome karatasi ya nyuma: unatafuta namba ya toleo inayoanza na CECHA, CECHB, CECHC au CECHE. Muuzaji akikwambia karatasi ilibanduka, na wewe banduka.

Kulikuwa na jamaa mwingine Kariakoo aliyepata yenye matundu manne kweli, CECHA01. Akaitangazia bei utadhani anauza kiwanja Kigamboni. Nikamwambia sawa, nina CD yangu hapa, tuijaribu. Alinicheka. "Bro, hii ni original ya Marekani, unaijaribu nini?" Ndiyo hasa nilichokuwa naogopa, hilo neno Marekani. Tukaiwasha, gemu yake ya PS3 ikacheza safi, watu wakaanza kujaa dukani. Nikaweka PES 6 yangu, original ya Uingereza. Ikagoma. Akaifuta kwa fulana, ikagoma. Akaipulizia, ikagoma. Hapo nikawasomesha wote waliosimama: gemu za PS3 hazijali nchi, lakini za PS1 na PS2 zinajali. CD original nyingi tulizonazo huku ni za PAL, yaani toleo la Ulaya, zimekuja na watu wa Uingereza au wa Dubai, na mashine ya Marekani inataka CD za Marekani. Yule jamaa akasema niichukue tu, "itazizoea". Itazizoea! Nikachukua CD yangu nikaondoka, nikasikia nyuma yangu anamwambia mteja mwingine kwamba mimi ni fundi wa kampuni.

Nikampigia binamu yangu aliye Manchester. Huko hivi vitu viko kwenye maduka ya mitumba, CD ya PES 6 bei yake haifiki hata nauli ya basi la kwao. PS3 aliipata kwa mtu, CECHC03, ile ya GB 60 yenye kifuniko mbele cha kuchomekea kadi za kamera. Ukijumlisha na kumpa shukrani aliyeileta kwenye begi lake, iliniramba kama laki nne na kitu, sikupiga hesabu ya mwisho kwa sababu mke wangu alikuwa karibu. Nilimwagiza pia adapta ya kusomea memori kadi za PS2 kupitia USB. Ni kidude kidogo na siku hizi ni adimu, kilikaribia bei ya pedi mbili mpya. Na memori kadi moja original ya MB 8. Alinishangaa, "ya nini, si unayo ya MB 64?" Nikamwambia leta tu, kaka.

Ile ya MB 64 ndiyo iliyobeba Master League, na ni ya kichina ya bandani. PS2 haikuwahi kuinunia, lakini adapta ina masharti. Nilipoichomeka, PS3 ikanitazama tu. Nikasafisha meno yake kwa spiriti, wapi. Fundi wa mtaani akasema data zimeshakufa, nisahau, ila anaweza kuninunulia ile PS2 mbovu kwa bei ya skrepa. Alivyoitaka haraka ndivyo nilivyozidi kumtilia mashaka.

Sasa sikilizeni. PS2 iliyokufa lenzi haijafa. Iwashe bila CD, inafungua ukurasa wake wa kuangalia memori kadi, na ule ukurasa hauhitaji lenzi hata kidogo. Na PS2 ina matundu mawili ya memori kadi. Umeanza kunielewa? Kadi ya kichina tundu la kwanza, kadi original tundu la pili, unanakili kutoka huku kwenda kule, kisha ile original ndiyo unaipeleka kwenye adapta. Niliyawaza haya kwenye daladala, Buguruni, nikacheka peke yangu mpaka konda akaniangalia.

Kilichobaki kilikuwa TV ya kuonyesha hiyo PS2. Shangazi yangu Temeke bado ana TV ya chogo, na anaipenda kuliko sisi. Nilifika wakati wa tamthilia. "Unataka kuniharibia TV na vitu vyako vya kihuni?" Nikasubiri iishe, ikafuata nyingine, nikasubiri na hiyo. Nikanunua soda. Mwishowe akaniachia kwa sharti nisiguse antena. PS2 ikawaka, kadi zote mbili zikaonekana. Kadi original ni ndogo, haimezi kila kitu, nikachagua mafaili ya PES peke yake. Kunakili kunatambaa, na ukitoa kadi katikati umeumia, kwa hiyo nilimkalia mtoto wa shangazi pembeni asisogee. Ikamaliza. Nikapiga ukelele, shangazi akauliza nani kafunga.

Kwenye PS3 mambo yalikuwa mafupi. Safu ya Game, unafungua Memory Card Utility, unatengeneza kadi ya PS2 ya ndani, unanakili kutoka kwenye adapta. Kuna jambo moja halisemwi: ukishanakili, gemu bado itakwambia hakuna kadi. Mtu akifika hapo anakata tamaa. Hiyo kadi ya ndani lazima uipangie tundu, bonyeza kitufe cha PS katikati ya pedi, nenda Assign Slots, iweke Slot 1. Castolo huyo hapo, jezi yake na mwendo wake wa taratibu.

CD za kuchoma zile tulizonunua kwa ajili ya PS2 zilizowekewa chipu ya kusoma kopi, PS3 ya kawaida haizitaki. Tena kama Master League yako uliichezea kwenye Winning Eleven, yaani PES ya Kijapani, haitasomwa na PES ya Ulaya, mafaili yao yana majina tofauti. Na kwa sababu hii PS3 ya Ulaya inategemea programu kwa sehemu, si kila gemu inakwenda sawa. Nina moja ya magari inaganda palepale kila nikiingia mbio za usiku. Sasisha mfumo kwanza kabla hujalaumu CD.

Kwenye mipangilio ya Game kuna PS/PS2 Upscaler ya kukuza picha, iweke Full Screen, na Smoothing iwashe, sura za wachezaji zinapungua meno. Pedi za kwanza za PS3, Sixaxis, hazitetemeki, ukitaka mtetemo tafuta DualShock 3. Mashine hii ina joto, kwa Dar usiifungie kwenye kabati, mimi nimeiwekea feni ya mezani kwa nyuma.

Wenye CD za PS1 msihangaike na matundu manne, PS3 yoyote inazisoma, hata Super Slim, mradi nchi ziendane. Na adapta siazimishi. Shemeji ameshaniuliza.