Fizi kwanza, vyuma baadaye: uzoefu wangu na meno yaliyopandana

Meno yangu ya mbele ya chini yamepandana, na ya juu yanayafunika mno, kiasi kwamba nikiuma ncha za chini zinagusa fizi ya kaakaa. Wenye mkao kama huu, fizi zikianza kutoa damu, wengi wetu wazo la kwanza ni kuuliza bei ya vyuma vya kunyooshea. Mimi nilianza na fizi. Utaratibu huo una sababu zake.

Mkao mbaya wa meno hauanzishi ugonjwa wa fizi. Unaoanzisha ni ukoga, ule utando laini wa bakteria unaoganda kwenye jino pale linapokutana na fizi. Mwaka 1965 mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na wenzake, huko Denmark, waliwaachisha vijana wenye fizi nzima kupiga mswaki. Ndani ya takriban wiki tatu wote walikuwa na uvimbe wa fizi, na waliporudia usafi fizi zikapona. Kupandana kwa meno kunaupa ukoga maficho. Nguvu ya kuuma nayo ina sehemu yake, ila si ile inayodhaniwa: wataalamu wa Marekani na Ulaya waliokutana Chicago mwaka 2017 hawakupata ushahidi kwamba nguvu hiyo pekee hubomoa mshikamano wa jino na mfupa kwa binadamu. Balaa huja jino likishapoteza mfupa. Hapo hata kuuma kwa kawaida hulilegeza, nalo huanza kusogea na kufungua mwanya. Ukisikia mtu anasema "meno yangu ya juu yameanza kuachana ukubwani", apimwe fizi kabla ya kitu kingine chochote.

Kupimwa kwenyewe ni kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kinachoingizwa taratibu kati ya fizi na jino, sehemu sita kwa kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni sawa. Kuanzia 4, tena kukiwa na damu, huo ni mfuko ambao mswaki haufiki chini yake. Omba namba hizo ziandikwe na ubaki na nakala, kwa sababu bila namba za mwanzo huwezi kujua kama unapona. Mvutaji sigara asijipe moyo kwa kutoona damu: sigara hupunguza damu kwenye fizi na kuuficha ugonjwa. Mwenye kisukari naye, sukari isiposhuka, fizi hazitulii.

Kazi kubwa iko nyumbani. Paka rangi ya chakula kwenye fizi na meno kwa pamba, sukutua mara moja, kisha tazama kwenye kioo: rangi inabaki palipo na ukoga. Kwenye meno yaliyopandana hubaki karibu kila mara kwenye ubavu wa jino lililosukumwa nyuma, na upande wa ndani. Mswaki ukiulaza kama kawaida, unapanda juu ya meno yaliyojitokeza na kuliruka lile la nyuma. Kwa hiyo nausimamisha wima, natumia nywele za ncha tu, na kushughulikia jino moja moja, nywele zikielekea kwenye fizi kwa mshazari wa nyuzi 45, kwa mitikisiko midogo. Kwa ndani nafanya hivyo hivyo, nikiinamisha kichwa. Mswaki uwe na kichwa kidogo na nywele laini. Nguvu haisaidii, inasogeza fizi chini na kuacha mzizi wazi, hasa kwa jino lililosukumwa nje, ambalo mfupa wake wa mbele huwa mwembamba.

Kati ya meno hutegemea nafasi. Palipobana kabisa napitisha uzi, nikiukunja ukumbatie ubavu wa jino na kuushusha chini ya fizi hadi ukome wenyewe. Palipo na uwazi natumia brashi ndogo ya kati ya meno, ambayo nyembamba zake zina waya wa takriban milimita 0.4. Saizi sahihi hupita kwa kubana kidogo bila waya kukwaruza jino. Mdomo mmoja huweza kuhitaji saizi mbili au tatu.

Damu ikitoka siku za mwanzo, usiache. Ikiendelea mahali pale pale baada ya wiki mbili za usafi mzuri, huenda chini yake kuna ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa jiwe. Huo hautoki kwa mswaki, unakwanguliwa na daktari, na mifuko mirefu husafishwa kwa ganzi. Nyuma ya meno ya mbele ya chini hujirudia upesi kwa sababu mate yenye madini yanamwagikia hapo. Kuna wanaosema kusafishwa kunalegeza meno. Ukweli ni kwamba ugaga ulikuwa umeyagandisha, na uvimbe ukishuka mianya iliyokuwa imejificha huonekana. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2 ni mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na jioni, angalau nusu saa baada ya dawa ya meno. Isizidi wiki mbili, maana inatia meno madoa.

Baada ya hapo ndipo nguvu ya kuuma inapoangaliwa. Weka kidole kwenye meno ya juu ya mbele na ugonganishe meno taratibu: jino linalotikisika chini ya kidole linapigwa kupita kiasi. Daktari huthibitisha kwa karatasi nyembamba ya rangi. Usikubali alisage jino fizi zikiwa bado zimevimba, kwa kuwa uvimbe ukishuka jino hubadili kimo na alama zinahama. Kwa anayeuma kaakaa kama mimi, kusaga ncha za chini ni kazi bure, kwani meno hayo huendelea kuota hadi yaguse tena. Kinachofaa ni kibao cha kuvaa juu chenye jukwaa nyuma ya meno ya mbele, au vyuma vyenyewe. Aliyeng'oa gego la chini bila kuziba pengo achunguzwe pia gego la nyuma yake: huinama mbele, na mfuko hujichimba upande lilikoinamia.

Vyuma visubiri vipimo vya marudio, wiki 8 hadi 12 baada ya kukwanguliwa. Kuhamisha jino ndani ya fizi yenye maradhi huharakisha kupotea kwa mfupa. Kukiwa safi, hata jino lililopungukiwa mfupa linaweza kunyooshwa, ila kwa nguvu ndogo. Kulirudisha jino la mbele ndani ya mfupa hutumia gramu 10 hadi 20 tu. Muda wote wa vyuma, ugaga ukaguliwe kila miezi mitatu. Vikitolewa, waya wa kuyashikilia meno hugundishwa kwa ndani, pale pale ugaga unapopenda kukaa, kwa hiyo uzi upitishwe chini ya waya kila usiku kwa sindano ya plastiki ya kuvutia uzi.