Siku Mjomba Alipoifungua Saa ya Baba

Saa ya baba iliposimama, nyumba nzima ilikuwa na jibu: imetiwa ufunguo kupita kiasi, kamani, ile springi inayoiendesha saa, imekatika. Baba mwenyewe aliamini hivyo, maana kifundo cha pembeni kilikuwa kimekaza, hakisogei mbele tena. Mjomba wangu ni fundi saa. Aliipokea, akakijaribu kile kifundo, akatikisa kichwa.

"Shemeji, kamani ingekatika, kifundo kingezunguka bure bila kushika. Hii imejaa tu. Nguvu zimo ndani, hazina pa kutokea."

Akaniita nikae karibu naye. Alipoufungua mfuniko wa nyuma, aliniambia nikishike kifundo kwa vidole viwili, nisikiachie ghafla. Kisha kwa ncha ya bisibisi akakisogeza kikomeo kidogo kilichoegemea meno ya gurudumu la juu. Kikomeo hicho ndicho kinacholia krr-krr tunapotia ufunguo, na ndicho kinachoizuia kamani isijikunjue papo hapo. Kifundo kikaanza kurudi nyuma, kikinivuta vidole. Nilishtuka. Zile zilikuwa nguvu za mkono wa baba, alizozitia kabla saa haijasimama, na sasa zilikuwa zinapita mkononi mwangu.

Kamani ilipolegea yote, Mjomba alikitoa kikopo kinachoihifadhi na kukibandua kifuniko. Ndani mlikuwa na utepe wa chuma uliojizungusha. Akautoa taratibu, pindo baada ya pindo, kwa sababu ukiruka hupinda na kuharibika. Kwenye saa ya mkono ya kiume utepe huo huwa na urefu wa sentimita 30 hivi, na unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Ncha ya ndani hushikwa na mhimili wa katikati, ya nje hushikwa na ukuta wa kikopo. Kilichonivutia kuliko vyote ni hiki: nguvu huingia kupitia mhimili, lakini hutoka kupitia meno yaliyo ukingoni mwa kikopo. Ndiyo maana saa huendelea kutembea hata wakati unaitia ufunguo. Naona huo ni ufundi wa hali ya juu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mafuta. Yalikuwa yamekauka na kuganda kwenye vishimo vya magurudumu, nguvu zikakwama njiani. Mjomba aliosha kila kipande, akadondoshea mafuta mapya kwa sindano, akaunganisha. Kifundo kilipozungushwa kidogo tu, gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku kupima mwendo wa saa, likaanza kupepea, mapigo 18,000 kwa saa, yaani matano kila sekunde.

Baba bado alikuwa na hofu. "Sasa niwe naishia katikati?"

"Hapana, shemeji. Itie kila asubuhi mpaka ikatae, ikikataa usiishurutishe. Kamani ikikaribia kuisha husukuma kwa unyonge, na saa hupoteza majira."

"Na zile zinazojitia zenyewe? Mtu akitembea kutwa si zitajaa zikatike?"

Mjomba akafurahi kuulizwa. Humo, alisema, kuna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono ukisogea, nacho ndicho kinachokunja kamani. Ila ncha ya nje ya kamani haikufungwa kwenye ukuta wa kikopo, imeubana tu. Ikijaa, huteleza kidogo kisha hushika tena.