Kumbukumbu ya mradi: kadi mpya, kebo ya mtumba na maltimita

Jumamosi

Kadi imeshafika Sinza. Ni kadi ya michoro (GPU), RTX 3070 ya mtumba, ile ya feni tatu, yenye soketi mbili za pini 8. Kompyuta hii naijenga kwa ajili ya kuhariri video za harusi, na kadi ya zamani ilikuwa inatoa machozi kila nikifungua faili la 4K.

Pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, nayo ni mtumba kutoka Kariakoo, wati 750, modula, yaani kebo zake zinachomoka. Kwa wati sina wasiwasi: kadi inakula 220, prosesa yangu ya Ryzen 5 5600 imeandikwa 65, na NVIDIA wenyewe wanapendekeza pawasaplai ya 650 kwa kadi hii. Kazi iko kwenye kebo. Boksi lilikuja na kebo moja tu ya kadi, ile yenye vichwa viwili mwishoni.

Soketi ya mazabodi (bodi kuu) inayoshika kadi inatoa hadi wati 75, na kila plagi ya pini 8 imepangiwa 150. Wapo wengi wanaoendesha kadi kama hii kwa kebo moja ya vichwa viwili, na mambo yanakwenda. Mimi mashine yangu inarenda, yaani inatoa video iliyokamilika, usiku kucha kwenye chumba kisicho na AC, na Februari ya Dar mnaijua. Sitaki mzigo wote upite kwenye plagi moja kule upande wa pawasaplai. Nataka kebo mbili.

Nikaibeba pawasaplai hadi Kariakoo. Kijana wa duka akavuta furushi la kebo chini ya meza, akachomoa moja.

“Mkuu, hii inaingia fresh kabisa.”

Kuingia, kweli iliingia. Ila upande wa kadi ndio wenye mpangilio mmoja kwa wote. Upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Nikamwomba dakika chache. Pawasaplai peke yake mezani, imechomekwa ukutani tu, haijaunganishwa na kitu kingine. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 nikaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni ikazunguka. Kwenye plagi ya kadi, safu ya upande wa klipu yote ni hasi. Safu ya pili ina matundu matatu ya volti 12, la nne ni hasi. Ncha nyeusi ya maltimita (kipima umeme) upande wa klipu, nyekundu upande wa pili. Kebo yangu: 12.1. Kebo yake: 12.1 pia, lakini yenye alama ya kutoa mbele, yaani chanya na hasi zimebadilishana.

“Kumbe imegeuka!” Akakaa kimya kidogo. “Hiyo ingeua kadi, kaka.”

Akazama tena kwenye furushi, akatoka na kebo iliyotoka kwenye pawasaplai mbovu ya modeli ileile. Nikaipima tundu kwa tundu, ikakubali. Tukashikana kwenye bei, akashuka hadi 15,000. Aliniongezea na adapta ya kutoka SATA (plagi ya umeme ya diski) kwenda pini 8, bure, nikamrudishia. Plagi ya SATA upande wa volti 12 inabeba ampea 4.5, yaani wati 54. Ukiidai 150 plastiki inayeyuka.

Jumapili

Kufunga hakukuwa na hadithi. Nilichomoa waya wa ukutani, nikabonyeza swichi ya kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, kadi ikakaa na skrubu zake kwanza, halafu kebo. Kebo ya prosesa nayo ina pini 8, ila inagawanyika 4 na 4, ya kadi 6 na 2. Usizichanganye hata kama moja inaonekana kukubali kwa nguvu. Kile kipande cha pini 2 kinataka kushikwa pamoja na mwenzake wa 6 wakati wa kusukuma, la sivyo kinabaki nje kidogo. Sukuma hadi klipu ilie “ta”, kisha vuta taratibu. Isitoke.

Wenye kadi za plagi mpya ya pini 16, hapo ndipo muwe makini zaidi. Zile RTX 4090 za 2022 zilizoyeyusha plagi, nyingi zilihusishwa na plagi isiyoingia hadi mwisho.

Na ukutani: plagi ya pini tatu, kwenye soketi yenye ethi ya kweli. Ule mtindo wetu wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, uacheni kwa chaja za simu, na hata huko mimi siupendi.

Jioni nikairendesha harusi nzima ya Kigamboni. Volti 12 ilicheza kati ya 11.9 na 12.1, kiwango kinaruhusu 11.4 hadi 12.6. Kadi ilifika nyuzi 76. Nikagusa plagi zote mbili kwa kidole: vuguvugu, si moto.

Kinachofuata ni UPS, kile kifaa cha betri kinachokaa kati ya ukuta na kompyuta, maana umeme ukirudi kwa kishindo sitaki ukutane na kadi moja kwa moja. Nazunguka bei wiki ijayo.