Chanjo ya majaribio na medikali ya Dubai

Ilikuwa 2022, nilikuwa nauza mukene, wale dagaa wa ziwani, mwaloni Lambu, upande wetu wa Masaka, Uganda, basi kukawa na mhamasishaji anapitapita anaongea na watu kuhusu PrEPVacc, majaribio ya chanjo ya HIV, yalikuwa yanafanyika Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, wanataka watu wa miaka 18 mpaka 40 wasio na virusi. Maneno yakaanza, eti wanauza damu, eti wanakudunga ugonjwa wenyewe. Mimi hayo hayakunitisha, watu wa utafiti tumewazoea huku. Nikaenda kliniki na mtoto wa mama mdogo wangu.

Mshauri alitusomea fomu ukurasa kwa ukurasa: sindano nne, miezi ya mwanzo unameza na vidonge vya PrEP, vile vya kujikinga usipate HIV, mwanamke lazima awe kwenye uzazi wa mpango, na kompyuta ndiyo inaamua nani apate chanjo nani apate maji ya chumvi yasiyo na dawa, hata anayekudunga hajui. Unaweza kujitoa siku yoyote. Halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja akasema, "Dada, hapa nisikilize vizuri." Kumbe chanjo inaweza kuufanya mwili utengeneze kinga ambayo kile kipimo cha haraka kinaisoma kama positivu, na virusi huna!

Nikamuuliza, "Na nikienda medikali ya Dubai, vile vipimo vya afya vya viza?" Maana paspoti nilishapata na ajenti alishakula hela yangu, na kule ukisomeka positivu hakuna viza.

Akaweka kalamu chini. Akasema watanipa kadi, na wao wana kipimo kinachotofautisha, lakini kliniki ya ajenti hawezi kuisemea. Nilimheshimu kwa hilo, angeweza kunipaka mafuta tu nisaini.

Fomu nikaenda nayo nyumbani. Mama akacheka, "Hiyo kadi utamuonyesha nani, Mwarabu?" Mwenzangu yeye alisema haendi popote, na mumewe ni mvuvi, leo kisiwa hiki kesho kile, bora awe karibu na watu wanaompima. Akasaini. Mimi nikampigia mshauri nikamwambia hapana, akasema asante kwa kusikiliza, wala hakuuliza kwa nini.

Desemba 2023 wakatangaza kwamba sindano zimesimamishwa, kamati huru ya kufuatilia majaribio iliangalia data ikaona uwezekano wa chanjo kuzuia maambukizi ni mdogo sana. Watu mwaloni wakaanza kuniambia eti niliona mbali. Niliona nini? Kama si Dubai ningekuwa nimo. Mwenzangu hajuti hata kidogo, waliendelea kumwita na kumpima, kilichomuudhi ni kukaa muda wote ule bila kuambiwa kama alidungwa chanjo au maji ya chumvi, kila akirudi kliniki anawauliza hilohilo.