Vijiti 27

Leo nimepangua sanduku la vitabu nikakutana na daftari langu la Florida. Ukurasa wa tarehe 9 Machi 2010 karibu hauna maneno, umejaa vijiti. Vinne vimesimama na cha tano kimelala juu yao, vile karani wa ghala anavyohesabu magunia ya korosho. Jumla yake 27. Juu nimeandika "mtoto wa Viera", yaani pale Florida tulipomtazama, ingawa mtoto mwenyewe, mrusha mipira wa besiboli Stephen Strasburg, alikuwa na miaka 21, na timu ilikuwa imeshamsainisha kwa dola milioni 15.1.

Siku hizo nilikuwa namhudumia mzee mmoja, mgane, nyumbani kwake. Kuogesha, dawa, kusukuma kiti cha magurudumu. Besiboli sikuijua hata chembe. Kwangu ilikuwa wanaume wamesimama kwenye majani wakitafuna mbegu za alizeti. Lakini Mzee alisema tunakwenda, basi tukaenda.

Kila Februari na Machi timu za Marekani hujichimbia Florida na Arizona kujiandaa na msimu. Mechi zake hazina pointi, ni kama zile za kupasha misuli kabla ligi haijaanza. Ndiyo maana nilishangaa kukuta magari yamefurika na kamera chungu nzima. Wote walimfuata huyo Strasburg, wa timu ya Washington Nationals, aliyekuwa hajarusha hata mpira mmoja kwenye ligi kuu.

Sikujua nitazame nini. Mzee akanipa kazi: "Wewe hesabu mipira yake."

Nikahesabu. Kijana alipanda kile kichuguu cha katikati, akainua goti, akaachia. Mpira wenyewe sikuuona vizuri, nilisikia glavu ya mdakaji tu. Pa! Mingine ilifika maili 98 kwa saa. Wapinzani walikuwa Detroit Tigers, na Miguel Cabrera, mpigaji wa kuogopwa, akarudishwa benchi kwa stiraiki tatu, yaani mara tatu alishindwa kuupiga mpira ipasavyo. Mzee alikuwa amefumba macho. Nilidhani amesinzia, nikamgusa bega. Akasema anasikiliza.

Awamu mbili (kila awamu huisha wapigaji watatu wakitolewa), wapigaji wawili tu walifanikiwa kufika kituoni kwa kupiga, na hakuna aliyefunga. Halafu kijana hakurudi tena. Nikauliza kama ameumia. Mzee akacheka: zimetosha, timu nayo inahesabu kama wewe.

Leo ndiyo naielewa kauli hiyo. Mkono wa yule kijana ulihesabiwa kuliko mkono wowote ninaoujua. Mwezi Juni alianza ligi kuu kwa kuwaondoa wapigaji 14 wa Pittsburgh kwa stiraiki. Tuliangalia kwenye runinga, na Mzee akagoma kulala. Agosti, kule Philadelphia, alirusha mpira mmoja kisha akaanza kukung'uta mkono kama mtu aliyeungua na sufuria. Kano ya kiwiko. Akafanyiwa upasuaji unaoitwa Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974.

Mwaka 2012 timu ikawa na hofu zaidi. Alipofikisha awamu 159 na theluthi moja wakamsimamisha, wakaingia kwenye mtoano bila yeye, wakatolewa na St. Louis. Mzee alikuwa ameshatangulia. Nilibishana na wenzangu kazini peke yangu, nikiwatetea wahesabuji, na hata sasa siwalaumu. Nani angependa kuuona ule mkono ukikung'utwa tena?

Mwaka 2019 walimwachia. Kwenye fainali dhidi ya Houston alishinda mechi mbili, ya pili akirusha awamu 8 na theluthi, akatajwa mchezaji bora wa fainali. Baada ya hapo akapewa mkataba mpya wa dola milioni 245. Tangu auweke saini alicheza mechi 8 tu, ya mwisho Juni 2022. Safari hii kiwiko hakikuwa na neno, tatizo lilikuwa mishipa ya fahamu iliyobanwa karibu na bega, na mpaka mfupa mmoja wa ubavu ulitolewa. Mwaka 2024 akastaafu rasmi. Watu wanazipigia hesabu zile dola kwa hasira, utadhani zimetoka mifukoni mwao.

Nimevihesabu upya vile vijiti. Ni 27 kweli. Kuna kimoja kimepinda sana, nadhani ndicho cha Cabrera, maana Mzee aliruka kwenye kiti akanigonga kiwiko.

Pembeni kuna herufi K mbili ambazo si mwandiko wangu. Ndivyo wanavyoandika mpigaji akitolewa kwa stiraiki tatu. Aliniomba kalamu ili anionyeshe. Mkono ulikuwa unamtetemeka, K ya pili imevuka mstari kabisa.

Ukurasa unaofuata ni saa za dawa zake.