Waacheni wachague wenyewe

Leo Jumamosi nimerudi nyumbani miguu inauma, lakini kuna jambo sitaki lilale nami, ndiyo maana naandika.

Kituo chetu cha chakula kiko kwenye ukumbi wa kanisa hapa Phoenix, Arizona. Wanakuja familia za Wameksiko, Wakongo waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, na Wamarekani wazee ambao pensheni yao karibu yote inaishia kwenye kodi ya nyumba. Zamani utaratibu ulikuwa mmoja: mfuko umeshafungwa, mtu anapokea, anashukuru, anakwenda zake. Siku hizi tumepanga rafu kama duka. Mtu anasukuma toroli, anachukua anachokula, kwa kiwango kinachotegemea ukubwa wa familia. Wapo wenzangu wanaolalamika kwamba tunachelewa, na ni kweli foleni inakwenda polepole. Mimi utaratibu huu nautetea kwa nguvu zangu zote.

Leo bibi mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, alisimama mbele ya rafu ya unga. Akachukua mfuko wa unga wa mahindi, akaubonyeza, akaunusa, akaurudisha. "Mwanangu, huu si unga wa ugali."

Alisema kweli. Ule ni unga wa Wameksiko wa kupikia chapati zao. Mahindi yake huchemshwa kwanza kwa maji ya chokaa ndipo yasagwe. Ukiusongea ugali unanata, na harufu yake ni nyingine kabisa. Enzi za mifuko ya kufungwa angepewa huohuo, ukakaa kabatini mpaka uingie wadudu, na sisi tungeandika kwenye daftari kwamba familia imehudumiwa. Leo alichukua semolina (unga wa ngano wenye chembechembe), mafuta, samaki wa kopo, na maharage makavu hadi mwisho wa kiwango chake.

Aliyemfuata ni mzee Mmarekani anayeishi kwenye chumba cha moteli. Jiko hana, ana maikrowevu tu. Maharage makavu angeyafanyia nini? Alikuwa akitafuta makopo yenye pete ya kuvutia juu, kwa sababu vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi na hawezi kuzungusha kifungua kopo. Kila kopo aliligeuza kusoma kiasi cha chumvi, maana ana presha. Nilimshikia toroli, nikamwacha asome. Nyuma yetu watu walisubiri, na hakuna aliyenung'unika.

Nikiwa pale hukumbuka kwamba benki ya chakula ya kwanza Marekani ilianzia mji huuhuu, mwaka 1967. Mwanzilishi wake, John van Hengel, alikuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini. Inasimuliwa kwamba wazo lenyewe alilipata kwa mama aliyekuwa akiwalisha watoto wake vyakula vilivyotupwa na maduka: mama yule alitaka pawe na mahali watu waweke chakula na wengine waje kuchukua, kama benki. Mwenye njaa ndiye aliyejua kinachotakiwa. Mimi sioni kwa nini leo tumpangie mtu kama huyo cha kupika nyumbani kwake.

Kinachonisumbua zaidi ni wazee wasioweza kufika. Wenye miaka 60 na kuendelea na kipato kidogo wana boksi la serikali kila mwezi: jibini, juisi, maziwa yasiyohitaji friji, mboga na nyama za makopo. Ni msaada mkubwa, na wengine wanautegemea hasa, lakini boksi limeshapangwa. Hapa kwetu joto la kiangazi hupita nyuzi 43 siku nyingi mfululizo. Huwezi kumwambia mtu wa miaka themanini asimame kituo cha basi na mifuko miwili ili tu apate nafasi ya kuchagua.

Kwa hiyo nimeandika karatasi ya maswali ya kupeleka kwa wanaoletewa nyumbani, kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili. Una jiko au maikrowevu tu? Una sukari au presha? Unaweza kutafuna vitu vigumu? Kopo unaweza kulifungua mwenyewe? Kuna kitu hamli kwa sababu ya dini? Kwenu mnakula unga gani? Jumatatu nitampelekea msimamizi wetu, na nitamwomba tuanze na majengo mawili ya wazee yaliyo karibu na kanisa.